Choo cha kwanza alikiona bibi yake

"Mama, huyu mtoto alipozaliwa, choo cha kwanza alikipata baada ya muda gani?"

Nikajibu palepale: "Siku ileile." Nilikuwa sijui. Ila niliona aibu, maana mama gani hajui jambo kama hilo la mwanawe? Daktari akaandika, akageuza ukurasa, akaendelea na maswali mengine. Jibu langu hilo la maneno mawili lilitugharimu miezi saba ya kutoujua ugonjwa wa utumbo wa mwanangu, na kwa sehemu kubwa ndilo lililonikalisha chini niandike haya.

Mwanangu alizaliwa Februari 2021 hapa Kigoma mjini, kwa upasuaji. Nilipoteza damu nyingi, nikaongezewa chupa 2, na siku tatu za mwanzo nazikumbuka kama mtu anayekumbuka ndoto. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Kalinzi na kikapu chake na kanga mbili. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyembadilisha nepi, aliyemleta kifuani kwangu anyonye nikiwa nusu macho. Nilipopata fahamu zangu vizuri, nilikuta mtoto ananyonya, analia, anakojoa. Sikuuliza lolote zaidi. Siku ya tano tukaruhusiwa.

Miezi ya mwanzo alikuwa anapata choo kila baada ya siku nne au tano. Majirani pale Gungu wakaniambia nisihangaike, maziwa ya mama huishia yote mwilini. Hilo lina ukweli wake: mtoto anayenyonya, akishavuka wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa. Mimi nikalishika hilo nikatulia nalo. Kumbe nilitakiwa niangalie tumbo. Asubuhi lilikuwa na afadhali, jioni limetuna, limevutika kama ngozi ya ngoma, ukiligonga kwa kidole linalia. Mtoto mwenyewe mikono na miguu myembamba, tumbo ndilo linatangulia.

"Huo ni mchango wa tumbo," wakasema. Nikaletewa dawa ya mizizi kwenye chupa ya maji ya kunywa, vifuniko viwili asubuhi, viwili jioni. Nilimpa wiki nzima. Sijivunii, lakini siwezi kuandika habari hii nikaruka hapo.

Mwingine akanifundisha kuchonga kipande cha sabuni ya mche, kukilainisha kwa mafuta ya mawese, na kukiingiza kwa njia ya haja kubwa. Hiyo ilifanya kazi. Choo kilitoka kwa kishindo, chepesi, chenye harufu ambayo sijawahi kuikuta kwa mtoto mwingine, na tumbo likanywea kama mpira uliotolewa upepo. Basi nikaona nimepata dawa. Kwa karibu miaka miwili nilifanya hivyo mara mbili kwa wiki. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba sabuni huunguza utando wa ndani wa utumbo, na kwamba kuna jambo jingine nililokuwa nikilifanya bila kujua: nilikuwa naficha ugonjwa. Kila siku ya kwenda kliniki, usiku wake namtoa choo ili asijeniaibisha mbele za watu, kisha nampeleka kwa daktari tumbo likiwa limenywea. Daktari ataona nini?

Alipofikisha miezi 6 tukaanza uji, baadaye ugali laini kwa mchuzi wa dagaa, na mambo yakazidi kuwa magumu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito ulitoka kwenye kijani ukaingia kijivu. Hapo ndipo ilipoanza safari ya kuzunguka: zahanati, maabara za mtaani, duka la dawa, zahanati tena.

Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kutunza risiti. Nilipokuja kuzipanga, nilikuta kati ya Agosti 2021 na Mei 2023 mtoto alikunywa dozi 4 za minyoo, dozi 3 za amiba na dozi 2 za mkojo mchafu, na mara 3 alichomwa sindano za taifodi, siku tano tano. Jumla shilingi 387,000, bila bodaboda, bila siku nilizofunga cherehani. Kwenye taifodi nataka nikae kidogo, kwa sababu wazazi wengi huku tunanaswa hapo. Kile kipimo cha damu cha haraka tunachopimwa mara nyingi hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa, kinaweza kumwandika kuwa anayo. Mwanangu aliandikwa hivyo mara tatu bila hata homa. Na katika mizunguko yote hiyo, waliomvua shati wakamshika tumbo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mmoja wao alikuwa nesi wa makamo. Mei 2023 mtoto alianza kuchuruzika maji, nguo inaloa mara sita kwa siku. Nikasema leo ana kuharisha, na kwa kweli nilifurahi, nikidhani njia imefunguka. Nilipokwenda kuchukua chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, yule nesi akamlaza kitandani, akamminya upande wa kushoto chini ya kitovu, akanishika mkono akauweka hapo. Palikuwa pagumu kama muhogo mbichi.

"Huyu haharishi, dada," akasema. "Huyu amefunga. Hayo maji yanapita pembeni ya jiwe."

Akatuandikia tuende hospitali kubwa. Mimi nikachelewa mpaka Agosti, kwa sababu baba yake anavua dagaa, na wavuvi wa ziwa hili mnawajua: giza ndilo lina hela, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala. Kila nilipokusanya nauli na ya vipimo, mbalamwezi inatukuta, hela inaliwa.

Huko hospitali kubwa ndiko nilikoulizwa lile swali, nikatoa lile jibu. Sitamlaumu yule daktari hata kidogo. Watoto wengi sana wanaofunga choo hawana kasoro ya utumbo: kuna wanaobana kwa kuogopa maumivu, kuna wasiokunywa maji, kuna waliobadilishiwa chakula. Aliyepata choo siku ya kwanza, ukiambiwa sasa anafunga, huanzi kufikiria upasuaji. Akampa dawa ya maji ya kulainisha choo, akaniambia papai, maji, na kumkalisha kwenye poti kila baada ya kula. Nikafuata yote. Mtoto akawa anakaa kwenye poti anajikamua mpaka macho yanatoka machozi, na miguu imekufa ganzi, hakitoki kitu. Nami nikiwa na haraka ya oda za watu, nilimgombeza. Hayo ndiyo yananiuma mpaka leo kuliko hela.

Usiku mmoja wa Machi 2024 aliamka ana homa kali, anatapika kijani, tumbo limejaa linang'aa, na choo kinatoka chenyewe kama maji machafu kwa nguvu. Sikungoja kukuche. Mzazi mwenye mtoto wa kufunga choo akiona mambo hayo, homa, tumbo kujaa na matapishi ya kijani, asijaribu sabuni, asisubiri duka la dawa lifunguliwe. Ni maambukizi ya utumbo uliojaa, na kwa ugonjwa aliokuwa nao mwanangu ndiyo yanayoua. Tulilazwa siku 6: dripu, dawa za sindano, na kusafishwa utumbo kwa mpira laini na maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Mama mkwe akashuka tena kutoka Kalinzi. Siku ya tatu daktari mwingine anapita wodini, anafungua faili upya, anauliza swali lilelile. Nikafungua mdomo niseme "siku ileile," maana jibu likishaandikwa mara moja unalizoea mpaka unaliamini. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai.

"Si kweli, daktari," akasema. "Ilikuwa siku ya nne."

Nikageuka kumtazama. Akaeleza taratibu, bila kututazama usoni. Siku ya pili aliona nepi zina mkojo tu. Siku ya tatu tumbo likaanza kutuna na mtoto akatapika mara mbili. Mimi nilikuwa nimetundikiwa damu, akaona asiniongezee mzigo. Siku ya nne alfajiri, wenzake wamelala, akachonga kipande cha sabuni, akapaka mawese aliyokuja nayo, na choo kikatoka cheusi kama lami. Akamwogesha, akafua nepi, akamshukuru Mungu. Hakumwambia mtu kwa kuogopa manesi wangemfukuza wodini kwa kutumia sabuni.

Daktari alipotoka nikamuuliza, "Mama, miaka mitatu yote hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia," akanijibu. "Ninyi mnadhani sisi wazee tunakuja hospitali kubeba vyombo."

Yule daktari alirudi na glavu. Akampima mtoto kwa kidole kwa njia ya haja kubwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu azaliwe. Alipotoa kidole, upepo na choo vilifuata kwa nguvu mpaka akaruka kando. Akatabasamu kidogo, nami nikaona ajabu mtu anatabasamu kwa hilo. Akanieleza kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni kwa kawaida hutoa choo cha kwanza ndani ya saa 24, na zikipita 48 bila kitu ni sababu ya kuchunguza. Ukijumlisha na tumbo, uzito mdogo, na huo upepo uliotoka, alikuwa na jina la ugonjwa kichwani, ila hakutaka kulitamka kabla ya vipimo. Akaandika barua ya rufaa kwenda Bugando, hospitali ya rufaa kule Mwanza.

Bima hatukuwa nayo. Kadi ya bima ya mtoto mmojammoja ilikuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, nami 2021 na 2022 niliiona nikaiacha: mtoto mwenyewe anaumwa tumbo tu. Mwaka 2023 utaratibu ule wa kumkatia mtoto bima peke yake ukasimamishwa, na nilipoihitaji haikuwepo. Tulikuwa na CHF ya kaya, ule mfuko wa afya ya jamii, nayo haikutuvusha nje ya mkoa. Kilichotusaidia ni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Nilikwenda kwa kuona haya, na barua ya mtendaji wa mtaa mkononi, nikapunguziwa sehemu ya gharama. Nendeni mapema, kabla deni halijaandikwa, na msisahau hiyo barua ya mtaa kwa sababu bila hiyo mtarudishwa.

Basi liliondoka alfajiri: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha Geita, na jioni tukapanga foleni ya kivuko pale Busisi. Siku hizi kuna daraja, wanaovuka sasa hawajui tulivyokuwa tukikodolea macho taa za Kigongo upande wa pili. Mtoto alilala mapajani, kila shimo la barabara anagumia.

Bugando nilikaribia kuharibu mambo kwa mara nyingine. Walipanga kumpiga picha ya eksirei huku utumbo umejazwa dawa nyeupe, bariamu, kutokea chini. Wakaniambia kabla ya hapo nisimsafishe, nisimpe chochote cha kumtoa choo. Usiku ule tumbo lilijaa, na kwenye mkoba nilikuwa na sabuni yangu. Nilishaishika. Mama wa kitanda cha jirani, kutoka Bukombe, akaniambia, "Shoga, rudisha. Wakwangu walirudia picha kwa ajili hiyo." Nikarudisha.

Kwenye picha, daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alituonyesha kwa kalamu. Juu utumbo ulikuwa umefura kama gunia, chini ukawa mwembamba kama mrija. Mimi nikaonyesha lile gunia, nikasema hapo ndipo ugonjwa ulipo. Akasema hapana, gunia ndiyo sehemu yenye afya. Imefura kwa sababu inasukuma miaka yote bila kupata njia. Huu mrija unaoonekana umetulia ndiyo mgonjwa. Hauna chembe za neva za kuuamuru ulegee na kusukuma, kwa hiyo umebana muda wote.

Lakini picha peke yake haitoshi. Alichukuliwa vipande vidogo vya nyama kutoka ndani ya njia ya haja kubwa, chini ya usingizi, viende vikaangaliwe kwa hadubini. Majibu tukaambiwa kama wiki tatu. Nikafanya hesabu za mtu aliyechoka, nikarudi Kigoma kungoja. Kwenda na kurudi, pamoja na kula njiani, nilitumia karibu 190,000. Shangazi yake mume wangu anakaa Igoma na angetupokea kwa mchele wa kilo kumi. Kama una ndugu yeyote Mwanza, meza aibu ubishe hodi.

Majibu yalitoka Aprili: chembe za neva hazipo. Daktari akaniandikia jina kwenye karatasi kwa sababu nilishindwa kulitamka, Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark aliyeeleza habari za watoto wawili wa namna hiyo mwaka 1886. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, kama wanne kwa mmoja.

Nikamuuliza nilichokuwa nimekibeba miaka mitatu: "Daktari, nilikula nini nikiwa na mimba?" Akasema hakuna nilichokula. Mtoto akiwa tumboni, katika miezi mitatu ya mwanzo, hizo chembe husafiri kutoka juu ya utumbo kwenda chini. Za kwake zilisimama kabla ya kufika mwisho. Basi. Si mchango, si jicho la mtu, si wale samaki, migebuka, niliokuwa nawatamani usiku. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikala maandazi matatu kwa mfululizo. Tangu jana yake nilikuwa sijaonja kitu.

Upasuaji nitaupitia kwa haraka, una habari yake. Walimkata ile sehemu isiyo na neva na kuushusha utumbo wenye afya mpaka chini. Ilikuwa Juni 2024, na kuanzia Mei 15 ziwa lote lilikuwa limefungwa kwa uvuvi hadi Agosti 15. Hela hakuna kabisa. Niliuza mashine yangu ya ovaloki. Lakini kwa sababu ziwa limefungwa, baba yake naye alikuwa huru. Alikuja, akatoa damu, akalala barazani siku 11, akajifunza kubadilisha pampasi vizuri kuliko mimi.

Watu wananiuliza ningefanya nini tofauti. Ningenunua daftari la shilingi 500 tangu mwezi wa kwanza: tarehe ya choo, kilivyo, kimetoka chenyewe au kimesaidiwa. Daktari aliyeona daftari langu la miezi miwili ya mwisho alilisoma kwa makini kuliko karatasi zote za maabara. Ningempiga picha tumbo asubuhi na jioni kwa simu. Ningedai kila jibu la kipimo kwa maandishi na kuyaweka kwenye faili moja, na filamu za eksirei nisiziache nyumbani kama nilivyoziacha safari ya kwanza. Na lile swali la kwanza ningelijibu, "Sijui, nilikuwa nimezidiwa, ngoja nimpigie bibi yake." Simu ya dakika moja Kalinzi.

Hajapona moja kwa moja, kwa hiyo asiwepo wa kudanganyika kwamba jina likipatikana mambo yameisha. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji alikuwa anakwenda choo mara nane kwa siku, ngozi ikachubuka mpaka akiona maji ya kuoga analia. Akipata homa na tumbo likijaa bado tunakimbia hospitali, kwa sababu yale maambukizi huweza kurudi hata kwa aliyeshafanyiwa upasuaji. Ila Machi 2024 alikuwa kilo 10.1, na wiki iliyopita mzani umesoma 15.6. Tumbo limelala. Anakula ugali wa muhogo na samaki aina ya kuhe, anaomba nyongeza.

Januari anaanza awali. Nimeshakwenda kuonana na mwalimu wake, nimemwachia kaptula mbili za akiba kwenye mfuko, na nimemwomba kitu kimoja: akiinua mkono, amwache atoke, asimwambie subiri kengele.